Piny Owacho: Neno na Mabavu Katika Mapambano ya Pwani ya Ziwa

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jinsi watu wa Kisumu na wa pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya walivyopambana na watawala bila kushika silaha, na kuuliza ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kuyaeleza mapambano hayo. Huenda msomaji akaona kwamba swali la kwanza ni la wanahistoria na la pili ni la wanaisimu, na kwamba hapana haja ya kuyafunga katika mtumba mmoja. Sisi tunaona vingine. Mapambano yasiyo ya silaha hufanywa kwa maneno kwanza: kwa kukusanyika na kusema, kwa kuandika na kudai, kwa kukataa na kuitaja sababu ya kukataa. Asiyeyatazama maneno hayo hawezi kuyaelewa mapambano yenyewe. Na lugha isiyokuwa na jina zuri la jambo hilo huliacha mikononi mwa mwenye bunduki, alipe jina apendalo.

Mfano wetu mkuu ni vuguvugu la Piny Owacho lililoanza Lundha, katika eneo la Gem, mwishoni mwa mwaka 1921. Baadaye tutayagusa matukio ya Kisumu ya mwaka 1969 na ya 2008, kwa kuwa mfano wa mafanikio peke yake haufundishi vya kutosha.

2. Tatizo la istilahi

Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote kwa ajili ya njia hii ya kupambana. Waandishi na watangazaji hutumia mafungu ya maneno ya namna tatu. La kwanza ni "kutotumia nguvu". La pili ni "bila fujo", pamoja na ndugu zake "bila ghasia" na "bila vurugu". La tatu ni "kwa amani". Kila moja lina kasoro yake.

Tuanze na nguvu. Neno hili lina maana pana: ni afya ya mwili, ni uwezo, ni mamlaka, na pia ni shuruti. Tunaposema kwamba umoja ni nguvu hatuna maana kwamba watu waungane ili wapigane. Basi ukisema kwamba umati wa maelfu uliokusanyika kudai haki "haukutumia nguvu", umeukana uwezo ule ule ulioufanya usikilizwe. Waliokusanyika walikuwa na nguvu, nao waliitumia. Walichokiacha kwa hiari yao ni mabavu.

Fujo nayo ni kinyume cha utaratibu, wala si kinyume cha upole. Askari waliopangwa mstari, wenye sare moja na amri moja, wanaweza kuua watu 20 kwa dakika moja pasipo fujo yoyote. Kwa upande mwingine, mwalo wa samaki wakati mashua zinapowasili alfajiri umejaa fujo tele, na hapana anayedhurika. Tukiyapima mapambano kwa kipimo cha fujo, askari atatoka msafi daima na raia atatoka na doa, maana umati kwa tabia yake una kelele.

Amani ni neno zuri, nalo limo katika maamkizi na dua zetu. Lakini katika siasa limebebeshwa mzigo mwingine. Katika miaka ya utawala wa Rais Moi, 1978 hadi 2002, wito wa "Amani, Upendo na Umoja" ulikuwa msingi wa falsafa ya Nyayo. Wakati huo mtu aliyesema hadharani kwamba hakubaliani na jambo aliweza kuambiwa kuwa anavunja amani. Hivyo amani ikakaribia kuwa jina la kunyamaza, ilhali jambo tunalolijadili hapa ni kinyume kabisa cha kunyamaza.

Yafaa tukumbuke kwamba tatizo hili halikutupata sisi peke yetu. Mohandas Gandhi alipokuwa Afrika Kusini alikuta mapambano ya Wahindi yakiitwa kwa Kiingereza jina lililodokeza ukinzani wa mtu aliyekaa tu, asiyetenda lolote. Hakuridhika. Gazeti lake, Indian Opinion, likatangaza shindano la kutafuta jina bora. Maganlal Gandhi akapendekeza neno sadagraha, na Gandhi mwenyewe akaligeuza kuwa satyagraha, yaani kushikilia kweli. Jina hilo, lililopatikana mwaka 1908, halitaji kile ambacho watu hawakifanyi, bali hutaja wanachokifanya. Watu wa pwani ya Ziwa hawakufanya shindano, lakini miaka 13 baadaye nao walijipatia jina la namna hiyo.

3. Hali ya mambo kabla ya 1921

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Waingereza walipeleka misafara ya kijeshi dhidi ya Ugenya, Seme, Sakwa na Uyoma. Watu wa kizazi hicho walijifunza kwa gharama kubwa kwamba mkuki haulingani na bunduki. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwani mwaka 1901, na Kisumu ikawa bandari na makao ya utawala wa sehemu zile. Mwaka 1906 Wamisionari wa Kianglikana walifungua shule huko Maseno. Miaka miwili tu baadaye, yaani mwaka 1908, wanafunzi wa shule hiyo waligoma: walikataa kazi za mikono, wakadai wafundishwe kusoma na kuandika zaidi.

Tulisimamie kidogo neno hili, kugoma. Husemwa pia juu ya punda anayekataa kwenda. Punda aliyegoma hapigi teke wala hakimbii. Amesimama, na kusimama kwake kumezuia safari ya bwana wake. Kiswahili, basi, hakikosi maneno ya kutenda katika uwanja huu. Mbali na kugoma tuna kususia, ambako ni kuiacha kwa makusudi bidhaa au shughuli ya mtu. Tuna kuandamana, ambako shina lake ni andama, yaani kufuata, na kiambishi cha kutendana kinaonyesha kwamba hapa kila mmoja ni mfuasi wa mwenzake. Na watu wa pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa na neno arudhihali kwa maombi yaandikwayo kwa mtawala. Tulichokosa ni neno la jumla la kuyakusanya yote haya.

Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua maelfu ya vijana wa Nyanza kuwa wapagazi wa jeshi, katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza lilizaa neno letu Kariakoo. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuta mambo mapya. Kwanza kulikuwa na kipande, cheti cha kuandikishwa kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kutekelezwa baada ya vita, ambacho mwanamume alikibeba ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Pili, kodi ya kibanda ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 10 hadi 16, na mwaka 1921 walowezi wakapunguza ujira. Tatu, kulikuwa na kambi za kazi ambamo watu walikusanywa kwa shuruti. Nne, mwaka 1920 nchi ilikoma kuwa himaya ya Mwingereza, ikawa koloni lake. Kwa karani mabadiliko hayo yalikuwa ya neno moja katika waraka. Kwa mkulima wa Gem au Alego yalimaanisha kwamba ardhi aliyoilima babu yake huenda sasa ni mali ya Mfalme wa Uingereza.

4. Lundha: baraza na jina

Tarehe 23 Desemba 1921 maelfu ya watu walikutana Lundha. Wakaunda chama kilichoitwa Young Kavirondo Association, Kavirondo likiwa ndilo jina ambalo wakoloni waliliita eneo la mashariki ya Ziwa. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, katibu Benjamin Owuor, na mtunza hazina Simeon Nyende. Viongozi hawa walikuwa wasomi wa Maseno. Kizazi kilichogomea jembe ili kipate kalamu sasa kilikuwa na kalamu mkononi.

Madai yao yalitajwa moja moja. Kipande kiondolewe. Kodi ipunguzwe, na wanawake wasitozwe. Kambi za kazi zifungwe. Nchi irudishwe katika hali ya himaya. Watu wapewe hati za kumiliki ardhi yao. Serikali ijenge shule katika Nyanza ya Kati. Wajaluo wawe na mtawala mkuu wao. Msomaji ataona kwamba hapana hata dai moja lililo la mafumbo. Kila moja laweza kujibiwa kwa ndiyo au kwa hapana, na dai la namna hiyo humpa taabu mtawala, maana hawezi kulijibu kwa hotuba.

Mambo mawili ya lugha katika mkutano huo yanastahili kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni baraza. Neno hili kwa asili ni kiti cha mawe au udongo mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenyeji huketi na jirani na mpita njia wakazungumza. Mazungumzo ya barazani yana pande mbili. Neno liliposafiri kwenda bara pamoja na utawala wa kikoloni lilibaki na sauti yake, lakini likapoteza upande mmoja: baraza likawa mkutano unaoitishwa na chifu au mkuu wa wilaya ili watu wasikie amri. Mkutano wa Lundha haukuitishwa ili watu waambiwe. Waliuitisha wao, wakasema wao, na serikali ikatakiwa isikilize. Kwa maneno mengine, walilirudisha baraza katika maana yake ya kwanza.

La pili ni jina ambalo vuguvugu hilo lilijulikana kwalo kati ya watu: Piny Owacho. Katika Dholuo, piny ni ardhi, nchi, ulimwengu. Owacho ni kitenzi cha kusema katika hali timilifu, nafsi ya tatu. Tafsiri yake, basi, ni "nchi imesema". Lakini maneno hayo hayo hutumika pia kuitaja serikali, kwa kuwa anayesema kwa niaba ya nchi huwa ni mtawala, naye akishasema hapana rufani. Watu wa Lundha walilichukua fungu hilo la maneno, wakalijaza maana yao. Nchi, walidai, si ofisi iliyoko Kisumu. Nchi ni wanaoilima. Hawakutunga neno jipya, wala hawakugeuza hata silabi moja. Walimbadilisha mtendaji wa kitenzi tu, na kwa kufanya hivyo waliuliza swali ambalo kila serikali hulichukia: nani ana haki ya kusema kwa jina la nchi?

Wach, nomino inayohusiana na kitenzi hiki, ni neno, na pia ni jambo au shauri. Kiswahili kina uhusiano wa namna hiyo hiyo. Tunasema "ana neno" kwa mtu mwenye shauri au manung'uniko, na "hapana neno" tunapomaanisha kwamba mambo ni shwari. Katika lugha zote mbili, kuwa na neno ni kuwa na dai. Jina la Piny Owacho lilikuwa na maana hizo zote pamoja: nchi imesema, na nchi ina neno.

5. Nyahera na Nairobi, 1922

Mwaka uliofuata ulitoa majibu mawili tofauti kwa watu waliotumia njia zinazofanana. Nairobi, tarehe 14 Machi 1922, serikali ilimkamata Harry Thuku, kiongozi wa East African Association, aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa ujira. Umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Tarehe 16 askari walifyatua risasi. Kwa hesabu ya serikali watu 21 waliuawa, na miongoni mwao alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekuwa mstari wa mbele. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Upande wa Ziwa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwezi Julai 1922 Gavana Sir Edward Northey, muda mfupi kabla ya kuondoka Kenya, alikutana na watu wa Piny Owacho huko Nyahera, kaskazini ya mji wa Kisumu, akayasikia madai yao. Kambi za kazi zilifungwa. Kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Kipande kilibaki, koloni lilibaki koloni, na dai la mtawala mkuu halikukubaliwa.

Wako wanaosema kwamba Nyahera walifaulu kwa sababu walikuwa wapole, na Nairobi walipigwa kwa sababu walikuwa wakali. Hoja hiyo ni dhaifu. Umati wa Nairobi haukuwa na bunduki. Tofauti haikuwa katika tabia ya wasemaji peke yake, bali katika utayari wa msikilizaji; na yamkini utayari wa Gavana mwezi Julai ulitokana kwa sehemu na damu iliyomwagika mwezi Machi. Kama ni hivyo, basi watu wa Lundha walisikilizwa kwa gharama iliyolipwa na watu wasiowajua, mbele ya kituo cha polisi kilicho mbali nao.

6. Neno linapofugwa

Si kila neno linalokandamizwa hukandamizwa kwa risasi. Mwaka 1923 Walter Edwin Owen, kasisi mwenye cheo cha juu wa misheni ya Kianglikana, alikigeuza chama kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, naye akawa rais wake. Mkazo ukahamia kwenye kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Si haki kumdharau Owen. Aliandika kwa ukali juu ya kazi za shuruti, na walowezi wengi walimchukia kwa sababu hiyo. Wala vyoo si jambo dogo kwa watu waliokuwa wakifa kwa maradhi.

Hata hivyo majina mawili ya chama kimoja yanatuambia lililotokea. Katika jina la awali, la watu wenyewe, nchi ilikuwa ndiyo mtendaji: imesema. Katika jina la pili watu wametajwa kwa lile wanalolipa serikali, yaani kodi, na kwa lile wanalotarajia kufanyiwa, yaani ustawi. Barua za madai ziliendelea kuandikwa, lakini zilipita kwanza mezani pa mchungaji mwema. Lile swali la nani anasema kwa jina la nchi likasahaulika kwa muda.

7. Kisumu baada ya Uhuru

Swali hilo lilirudi baada ya Uhuru, na mara hii mtawala hakuwa mgeni. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Zaidi ya miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Tom Mboya auawe Nairobi, tarehe 5 Julai, na majonzi yalikuwa bado mabichi. Wafuasi wa chama cha upinzani cha KPU, kilichoongozwa na Oginga Odinga, walipaza sauti ya "Dume", nembo ya chama chao. Rais na Odinga walirushiana maneno makali mbele ya watu. Masimulizi mengine yanataja mawe. Kisha walinzi wa Rais walifyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Wenyeji wametaja idadi kubwa zaidi. Siku chache baadaye Odinga na wenzake walitiwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba KPU kikapigwa marufuku.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kisumu iliona tena mauti. Lazima tuseme ukweli wote: maduka yaliporwa, majengo yakachomwa moto, na hayo hayawezi kuitwa mapambano yasiyo ya mabavu. Lakini tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilionyesha pia kwamba wengi wa waliokufa mjini humo walikufa kwa risasi za polisi.

Hapa mtaalamu wa lugha ana kazi. Mara nyingi katika habari za matukio kama haya husemwa kwamba watu kadhaa "walikufa katika ghasia". Kitenzi kufa hakidai mtendaji. Mtu hufa kwa homa, hufa kwa uzee. Kitenzi kuuawa kinadai mtendaji, na hata asipotajwa, msikilizaji humngoja. Anayeandika "walikufa katika ghasia" amefanya mambo mawili kwa pumzi moja: amemwondoa aliyefyatua risasi katika sentensi, na amemtia marehemu ndani ya ghasia, awe alishika jiwe, awe alishika bango, awe alikuwa akifunga dirisha la nyumba yake. Kosa hilo huanzia katika istilahi. Maadamu kipimo chetu ni fujo, hatuna njia ya kumtenganisha mwenye jiwe na mwenye bango, wala ya kumuuliza mwenye bunduki.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika historia ya pwani ya Ziwa mapambano yasiyo ya silaha hayakuwa upungufu wa kitu. Yalikuwa ni tendo: watu kulirudisha baraza katika maana yake, kuliteka neno la mtawala na kulisema kwa kinywa chao, na kuyataja madai yanayoweza kujibiwa. Tumeona pia kwamba tendo hilo halina dhamana. Nyahera lilisikilizwa, Nairobi halikusikilizwa, na mwaka 1969 jibu lilikuwa risasi.

Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi afanye hivyo kwa amani na pasipo silaha. Yote yaliyofanywa Lundha mwaka 1921 yanakingwa leo na ibara hiyo. Lakini maana ya maneno "kwa amani" ndiyo itakayoamua ni nani anayelindwa. Ikiwa amani ni utulivu na ukimya, basi hapana mkutano wenye uhai utakaoitimiza. Ikiwa amani ni kutomdhuru mtu, basi umati wenye kelele umo ndani yake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba kwa jambo hili kwa jumla itumike istilahi "mapambano yasiyo ya mabavu", nasi tuache kutumia "bila fujo" na "kutotumia nguvu" kama visawe vyake. Mabavu yana mipaka iliyo wazi: ni nguvu ya mwili au ya silaha inayomshurutisha au kumdhuru mtu, naye mwenye sare anaweza kuyatumia sawasawa na asiye na sare. Pili, kila inapowezekana, tendo litajwe kwa kitenzi chake: waligoma, walisusia, waliandamana, walidai. Tatu, aliyeuawa aandikwe kuwa ameuawa, na aliyemuua atajwe anapojulikana.

Haya ni mambo madogo kwa kuyatazama, nayo yamo katika uwezo wa idara zetu za lugha, wahariri na walimu. Hayamrudishi aliyeuawa. Yatahifadhi tu, kwa watakaosoma baada yetu, habari iliyo sahihi ya nani alisema na nani alipiga.